Aliyefumua Paa Lake

Kuna kazi za nyumba ambazo mtu mmoja mkaidi anaweza kuzimaliza peke yake. Kukandika ukuta ni mojawapo, kuchimba choo pia, hata kuchonga mlango, ukiwa na randa nzuri na huna haraka. Kuezeka nyasi hakumo. Paa la nyasi la kushona linataka watu wawili. Mmoja analala kifudifudi kwenye ngazi huko nje juu, anasukuma sindano ndefu ya mti yenye kamba mpaka ichomoze ndani. Mwingine amesimama ndani, anaipokea, anaizungusha kwenye ufito na kuirudisha. Wa nje anakaza, anafunga fundo, na sindano inazama tena. Hawaonani. Kila mmoja anajua mwenzake yupo kwa sababu sindano inarudi.

Mzee wetu aligundua hilo asubuhi ya kwanza ya kuezeka, na aligundua kwa magoti. Alisukuma sindano, akashuka, akazunguka nyumba, akaingia, akairudisha, akatoka, akapanda, akakuta imeteleza na kurudi ndani. Akaanza upya. Watu walimwita Lifti, jina alilolipata mjini, ambako alimaliza ujana wake wote na kipande kizuri cha uzee akitengeneza lifti za majengo marefu. Jina hilo halikuwahi kumkaa vizuri kama asubuhi hiyo. Mkewe alikuwa kivulini na ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe, anamwona akipanda na kushuka. Mwishowe aliweka ungo chini, akajifunga kitambaa kichwani na kuingia ndani.

"Haya, lete hiyo sindano," alisema. "Nitakushikia mpaka paa liishe. Likiisha narudi mjini kwa mtoto wangu."

Lifti aliisikia nusu ya kwanza vizuri sana. Ya pili aliisikia pia, ila alijitia hamnazo, na hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake tangu waoane.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wazazi wake. Alizaliwa humo, katika chumba cha nyuma chenye dirisha la ukubwa wa sahani, akaondoka humo kijana mwenye sanduku la mbao na viatu vya kuazima. Vyumba viwili na sebule, kuta za udongo, upenu mfupi kiasi cha kumlazimisha mtu mrefu ainame kabla ya kupiga hodi. Wazazi walipofariki ilikaa tupu. Alipoirudia, paa lilikuwa limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, mchwa wamekula pau za upande mmoja, na ukuta wa nyuma umeegemea nje kana kwamba unataka kuondoka. Mtu mwenye akili timamu angebomoa na kuweka bati. Jirani yao, mjane mfuga mbuzi mwenye ulimi mwepesi, alimwambia hivyo hivyo siku ya kwanza.

"Bati unaliweka kwa siku mbili, baba. Hili la nyasi litakuzika."

"Bati lina joto," alijibu Lifti.

"Kaburi lina baridi," alisema jirani, akaita mbuzi wake.

Lakini Lifti alikuwa ameibeba nyumba hiyo kichwani miaka yote ya mjini. Kazi yake ilikuwa ndani ya mashimo. Watu wanaona lifti kama kijichumba chenye kioo na vitufe. Yeye alikuwa anaiona kwa chini, amechuchumaa kwenye giza, tochi mdomoni, grisi mpaka kwenye viwiko, na juu yake chuma kizito kinachoning'inia kwa waya. Humo ndimo alimojiapiza kwamba akistaafu atakwenda kulala chini ya nyasi. Hakuwahi kumwambia mtu kiapo hicho. Na hapo ndipo penye kasoro yote ya maisha yake, kwa sababu mtu anayepanga mambo gizani peke yake huzoea kudhani wengine wanamwona.

Siku alipostaafu, ofisini walimpa chai, keki na saa ya ukutani iliyosimama kabla hajafika nayo nyumbani. Kesho yake asubuhi alikwenda kwa mwenye vyumba walivyopanga, akamwambia wanahama mwisho wa mwezi, na mwenye vyumba akapata mpangaji mwingine kabla chai haijapoa. Jioni ndipo alipomweleza mkewe. Alimweleza kwa furaha, kama mtu anayeleta zawadi.

Mkewe alikuwa barazani, kwenye cherehani yake. Alikuwa fundi wa kutegemewa. Mtaa mzima ulivaa mkono wake, toka sare za shule mpaka magauni ya harusi. Alikuwa anapindua pindo la suruali ya mteja. Mguu wake ukatulia kwenye kanyagio.

"Umemwambia lini mwenye nyumba?"

"Asubuhi."

"Na mimi unaniambia jioni."

"Nilijua utapenda."

"Ulijua," alisema mkewe. "Hukuuliza."

Akamalizia pindo la suruali, akaikunja, akaiweka pembeni. Binti yao, aliyekuwa na kazi nzuri na chumba cha ziada, alimwambia mama yake ahamie kwake siku hiyo hiyo. Angeweza kabisa. Aliwaambia mashoga zake kwamba anamfuata mzee kwa sababu ataanguka ngazi huko na hakuna wa kumwokota. Akaja na nguo chache katika begi moja, na cherehani yake, ambayo aliiweka kwenye kona ya sebule, akaifunika shuka, wala hakuifunua. Lifti alikuwa akipita mbele ya shuka hiyo kila siku na kujisemea kwamba ni suala la muda.

Basi Lifti akaukandika upya ukuta, akabadilisha pau zilizoliwa, kisha wakaanza kushona paa. Nyasi huanzia chini, kwenye upenu, na kupanda safu kwa safu, kila safu ikifunika mafundo ya iliyo chini yake. Tita moja linapangwa, linapigwa kwa ubao ili miguu ya nyasi ilingane, linashonwa. Mwanzoni maneno yao yalikuwa ya kazi tu.

"Inakuja."

"Nimeipata. Vuta."

"Inakuja."

"Umenichoma kidole, angalia."

Kisha, bila mtu kupanga, maneno yakaanza kuongezeka. Pengine ni kwa sababu hawakuwa wakitazamana. Mjini Lifti alikuwa akirudi usiku, anakula mbele ya taarifa ya habari, analala. Hapa alikuwa amelala kifudifudi, shavu kwenye nyasi, na sauti ya mkewe ikipanda kutoka chini yake, karibu kabisa na sikio. Akamsikia akisimulia habari za wateja wake: bwana harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa, mama mmoja aliyemletea gauni lile lile lipunguzwe kila baada ya ugomvi na mumewe. Lifti alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Akajiuliza mwanamke huyu mcheshi alikuwa wapi miaka yote, na jibu lilimjia papo hapo, na halikuwa tamu. Alikuwa barazani.

Siku nyingine mkewe alimwambia jambo zito zaidi. Sindano ilikuwa katikati ya paa, nusu kwake nusu kwa mumewe.

"Unajua niliwahi kuitwa kufundisha ushonaji? Chuo cha wasichana. Walinitumia mtu mpaka nyumbani."

"Lini?"

"Mtoto alipoanza shule. Nilikaa nikisubiri uniulize yule mgeni alikuwa nani. Ulimpisha mlangoni, ukamwamkia, ukaingia ndani kunawa grisi."

"Ungeniambia."

"Nilitaka kuulizwa," alisema, akairudisha sindano.

Lifti alifunga fundo hilo, akalikaza kupita kiasi, kamba ikamkata kiganja. Aliona haya, tena haya ya kweli, ile inayomfanya mtu mzima atamani kushuka na kwenda kukaa nyuma ya choo. Lakini pamoja na haya alikuwa na raha asiyoweza kuieleza. Alikuwa anampata mkewe. Alikuwa amelala juu ya paa, jua likimchoma shingo, na anampata mkewe kwa mara ya kwanza. Na hapo hapo akapiga hesabu iliyomtia baridi: safu zilikuwa zinapanda. Kila fundo alilofunga lilikuwa linamsogeza mkewe karibu na kituo cha basi.

Mara ya kwanza haikuwa kosa lake. Upepo mkali ulivuma mchana mmoja na kulegeza safu nzima ya upande wa nyuma. Walipoikuta imening'inia, mkewe alishika kiuno.

"Tumerudi nyuma siku nzima."

"Tumerudi," alisema Lifti kwa huzuni, na moyoni akafurahi kama mtoto aliyeambiwa shule imefungwa.

Mara ya pili aliilegeza mwenyewe.

Kila alasiri mkewe alikuwa anapanda kilima mpaka dukani, ambako simu ilishika mtandao, kuongea na binti yao. Mumewe alikuwa anabaki eti kupiga nyasi ubao. Sasa, akishapotea nyuma ya kichaka, Lifti anapanda ngazi, anaingiza kidole chini ya fundo, anafungua. Moja hapa, mbili pale, si kwa fujo. Kesho yake anatikisa kichwa na kulaumu panya, au kamba ya siku hizi, au nyasi zilizovunwa kabla ya kukauka. Wiki zikapita hivyo. Wanashona asubuhi, wanasimuliana, wanacheka; alasiri anafumua. Alijua vizuri anachokifanya. Alijiambia anaununua muda mpaka mkewe aizoee nyumba, aifunue cherehani. Jambo la kumuuliza tu, ana kwa ana, kama anataka kukaa, lilimpita kichwani mara nyingi, na kila mara alilifukuza, kwa sababu swali lina majibu mawili na yeye alikuwa na nguvu za kubeba moja tu.

Jirani mfuga mbuzi hakuwa kipofu. Alisimama uani siku moja, fimbo begani, akilitazama paa.

"Mama, huyu mume wako anashona au anafumua? Mwezi mzima naona kichwa cha nyumba kiko wazi. Mvua haina adabu, haitapiga hodi."

Mke alicheka. Lifti naye alicheka, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe.

Mvua haikupiga hodi kweli. Ilikuja alasiri, mkewe akiwa bado kilimani. Siku hiyo Lifti alikuwa amejisahau. Asubuhi mkewe alikuwa amesema, kwa sauti ya uchangamfu, kwamba zimebaki safu chache na kwamba binti yao ameshamnunulia kitanda. Kwa hiyo mchana hakufungua fundo moja wala mawili. Alifungua upande mzima wa nyuma, juu ya sebule, ule usioonekana kutoka njiani, akivuta kamba kwa hasira ambayo hakujua aielekeze kwa nani. Matita yalikuwa yameteleza mpaka chini tone la kwanza lilipompiga mgongoni.

Aliyarudisha matita juu, akayapanga, akasukuma sindano. Ilizama ndani, ikasimama. Hapakuwa na mkono wa kuipokea. Alishuka, akaingia, akairudisha, akatoka, akapanda. Upepo ulikuwa umeshayabeba matita. Hapo ndipo alipoelewa, maji yakimtiririka puani, kwamba kufumua ni kazi ya mtu mmoja na kushona siyo. Aliita jina la mkewe, jina la usichana wake, ambalo hakuwa amelitumia tangu binti yao azaliwe. Mvua ilikuwa kubwa mno kwa mtu yeyote kusikia.

Mkewe alifika amelowa chapachapa, viatu mkononi. Sebuleni maji yalikuwa yanamwagika kama yanamiminwa kwa ndoo. Udongo mpya uliokandikwa ukutani ulikuwa umelainika, ukaporomoka wote kwa mara moja, na ulikoporomokea ni kwenye kona yenye shuka. Cherehani ilikuwa imezama mpaka kwenye gurudumu. Meza yake imepasuka. Shuka haikuonekana kabisa.

Alipiga magoti matopeni, akafukua cherehani kwa mikono mpaka kichwa chake kikatokea. Kisha akainua uso kutazama tundu la paa, na kamba zilizokuwa zinaning'inia kutoka kwenye fito. Akashika mojawapo, akaipitisha ncha yake vidoleni kama alivyokuwa akifanya na uzi maisha yake yote. Akashika nyingine. Akashika ya tatu.

"Shuka huko," alisema.

Lifti alishuka, akasimama mlangoni.

"Kamba ikikatika inachanika, inaacha ndevu. Hizi ni nzima. Hizi zimefunguliwa." Alikuwa anaongea polepole. "Zote zile za wiki zote? Panya, upepo?"

"Zote, isipokuwa ya kwanza."

"Kwa nini?"

Angeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa umeshamzoea. Lakini aliitazama ile cherehani.

"Ulisema likiisha unaondoka."

Mkewe alimtazama kwa muda, na alichokiona Lifti usoni pale hakikuwa hasira. Hasira angeiweza. Ilikuwa huruma ya mtu aliyechoka, na ilimuumiza kuliko tusi.

Lifti akaitoa ile cherehani nje kesho yake jua lilipotoka, akaifungua kipande kwa kipande juu ya gunia. Kazi hiyo aliijua. Aliosha kila skrubu kwa mafuta ya taa, akasugua kutu, akanyoosha mhimili uliopinda, akashona mkanda mpya kwa ngozi ya mshipi wake mwenyewe. Alijua barabara kwamba anamtengenezea mkewe njia ya kuondokea, kwa sababu fundi mwenye mashine hana mahali asipoweza kuishi. Alifanya hivyo bila kupunja. Ilipokaa sawa alizungusha gurudumu, likaenda laini bila kukwaruza, na akalia kidogo, akijifanya ameingiwa na mafuta ya taa machoni.

Alidhani mkewe ataondoka siku hiyo. Hakuondoka.

"Nilisema mpaka paa liishe," alisema, akijifunga kitambaa. "Mimi huwa nafanya ninalosema. Panda."

Wakashona. Safari hii hapakuwa na hadithi. "Inakuja," "vuta," basi. Lifti alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa, mawingu yakiwa yamejikusanya juu ya kilima. Upande wa nyuma ukajaa, ukalingana. Ndani giza likaongezeka safu kwa safu, na sauti ya mkewe, iliyokuwa ikimfikia sikioni, ikaanza kuja kwa mbali. Nyasi nzuri hunyonya sauti. Hakuwa amelijua hilo.

Walipofika kileleni, ikabaki nafasi ya tita moja. Alilipanga, akalipiga ubao, akasukuma sindano. Haikurudi mara moja. Lifti alilaza kifua juu ya paa lake na kuongea ndani ya nyasi.

"Mke wangu."

"Nakusikia."

"Unataka kukaa hapa na mimi?"

Mbuzi mmoja alilia kwa jirani.

"Siku ile ya kustaafu," mkewe alisema, na ilimbidi apaze sauti ili imfikie, "kama ungerudi kutoka kazini ukaniuliza hivyo hivyo, ningekuja. Ningefunga mizigo mwenyewe. Nilikuwa nakipenda hiki kijumba chako kwa jinsi ulivyokuwa ukikitaja usingizini."

"Na sasa?"

"Sasa nataka kukaa mahali ambapo sijapelekwa." Sindano ikachomoza mkononi mwa Lifti. "Vuta."

Akavuta. Akafunga fundo, akalijaribu, akapitisha kiganja juu ya nyasi zote za kilele. Hapakuwa na pengo. Kama angetaka, bado angeweza kupata la kusema: huku kuna wembamba, huku kamba haijakaa, twende tena kesho. Mkewe asingeweza kuona kutoka mle gizani.

"Limeshika?" mkewe aliuliza.

"Limeshika."

"Paa limekwisha?"

Mvua ilikuwa inaanza, matone ya kwanza, na yaliteleza juu ya nyasi bila kuingia.

"Limekwisha," alisema, kwa sauti kubwa, ili asilazimike kulirudia. Akatulia pale juu akisikiliza, na ndani, kwa mbali kabisa, akasikia zipu ya begi.